Mwanamke Anayekula Michango ya Wanafunzi

Uvumi wenyewe ulikuwa hivi: kuna mwanamke mmoja mtu mzima, hajulikani anakaa wapi, amewakamata wanafunzi wa chuo, anawatoa asubuhi na ndoo wakaombe michango ya wagonjwa, na hela zote zinaishia kwake. Niliusikia nikiwa mbele ya meza yangu ya pasi, na kwa siku tisa haukunitoka kichwani. Nilikuwa nao nikila, nikilala, nikinyoosha kola za watu.

Aliyeuleta ni karani wa chuo. Pale dukani kwa dobi tunamwita Mstari, kwa sababu suruali yake lazima iwe na mstari mmoja wa pasi kila mguu. Ukitokea wa pili, hata kwa mbali, anairudisha.

"Mama Chiriku," aliniambia huku akikagua suruali kwenye mwanga wa mlangoni, "wewe si una binti pale kwetu?"

"Ninaye. Mwaka wa pili."

"Basi mwambie akae mbali na wale wa ndoo. Ukituma mchango kwa ile namba waliyobandika ukutani, jina linalotokea kwenye simu si la mwanafunzi. Ni la mama mtu mzima. Watu wameshaliona."

"Jina gani?"

"Refu, la zamani zamani. Limenitoka. Lakini ukilisikia tu unajua huyu mtu ana meno."

Mwenye duka, ambaye kazi yake ni kupokea nguo na kuandika risiti, akadakia kutoka nyuma ya kaunta. "Anakula hela tu, au na ndoo anatafuna?"

Wakacheka wote wawili. Mimi nilikuwa nimeisahau pasi juu ya shati la mtu. Nilipoinua, kulikuwa na alama ya rangi ya chai mgongoni. Sikuwaambia kwamba mshika ndoo mwenyewe ni binti yangu.

Chiriku ni jina nililompa mimi, kwa sababu alianza kuongea kabla hajaanza kutembea. Ni mtoto wangu wa pekee. Mimi niliishia darasa la saba, na kila hatua aliyopita baada ya hapo nilikuwa naiona kama ngazi isiyo na ukuta pembeni: nakaa chini, naangalia juu, naogopa. Alipoingia chuo akajiunga na kundi la kujitolea. Wanakwenda hospitali kila Jumamosi kutengeneza viti vya magurudumu na magongo ya wagonjwa. Kiti kikitoboka tairi, wanaziba. Kitambaa cha kukalia kikichanika, wanashona kingine. Hospitali inawapa chumba, lakini vifaa wanajitafutia wenyewe, ndiyo maana wanachangisha. Alinieleza mambo haya kwa furaha nikafurahi naye. Sikuuliza swali hata moja. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, ingawa sijui ningeuliza nini.

Siku ya tisa, Ijumaa, nilimwomba mwenye duka ruhusa, nikasema nakwenda kupeleka mashati ya mwalimu fulani. Nilikwenda kusimama ng'ambo ya lango la chuo, nyuma ya kibanda cha kuuza vocha.

Walikuwa watatu. Walikuwa wameweka kiti cha magurudumu kilichotengenezwa, kinang'aa, na karatasi imebandikwa mgongoni: kiti hiki kilikuwa hivi, na picha yake kikiwa kimekunjika kama panzi aliyekanyagwa. Ndoo ilikuwa na mfuniko uliotobolewa tundu la kupitisha hela, na kufuli ndogo. Dereva mmoja wa pikipiki alikuwa amekalia kile kiti, anajisukuma mbele na nyuma.

"Dada," alimwambia Chiriku, "nikichangia nitapewa changu?"

"Ukivunjika mguu nitakutengea cha mbele kabisa, kaka yangu. Ila kwa namna unavyoendesha ile pikipiki, heri uchangie viwili."

Wenzake wakapiga vigelegele, na dereva akatoa noti. Nilimwangalia mwanangu nikaona fahari, nikasahau kidogo kilichonileta.

Halafu akaja mama mmoja amevaa vizuri. Alisoma karatasi yote, akakigusa kiti, akatoa simu na kuanza kubonyeza ile namba iliyobandikwa. Nikamwona anasita. Aliangalia simu, akamwangalia Chiriku, akaangalia simu tena. Kisha akaifungia kwenye pochi na kuondoka bila kuaga. Chiriku akaendelea kuongea na mwingine. Hakuna aliyemkimbilia kumuuliza kulikoni.

Nikajua uvumi si uvumi.

Nilimsubiri mpaka wenzake walipokwenda kula, nikamvutia pembeni.

"Mama, umetoka wapi?"

"Nani anawatuma?"

"Shikamoo kwanza."

"Marahaba. Nani anawatuma?"

"Hakuna anayetutuma. Tunajituma."

"Kuna mwanamke, Chiriku. Mtu mzima. Niambie tu, sitapiga kelele."

Akanitazama, akacheka. "Mwanamke pekee ninayemwogopa duniani ni wewe. Mwingine sijamwona."

"Hela za simu zinaingia wapi?"

"Kwangu. Namba yangu ileile uliyoninunulia nikiwa sekondari. Kundi zima walichagua hiyo kwa sababu inaishia na saba nne, mtu akiisoma ukutani anaikumbuka mpaka nyumbani."

Kweli, namba ile niliichagua mimi dukani kwa sababu ya zile saba nne, maana mimi na namba hatupatani. Lakini badala ya kutulia nikazidi kuogopa. Kama namba ni ya mtoto na jina ni la mwanamke mwingine, basi huyo mwanamke ameshaingia mpaka ndani ya simu. Nikamwambia abadilishe namba ya siri palepale, nikisimama nimeangalia pembeni.

"Na umekonda," nikamwambia.

"Ni mitihani, mama."

Jumanne asubuhi akanipigia. Sauti ilikuwa ndogo, si yake. "Mama, nimeitwa na mshauri wa wanafunzi. Wamesema nije na mzazi. Kuna watu wamelalamika kuhusu michango. Kundi limesimamishwa. Tusipotoa maelezo leo, jambo linakwenda kwenye kamati ya nidhamu, na mimi naweza kusimamishwa mwaka mzima."

Mwaka mzima. Nilizima pasi, nikavua aproni, nikamwambia mwenye duka nafuata mtoto. Safari hii sikutunga uongo. Mwenye duka alinisukumia mkononi nauli ya kwenda na kurudi na kusema, "Usiongee sana ukifika. Sikiliza kwanza." Namshukuru, ingawa sikuweza.

Ofisi ya mshauri wa wanafunzi ni chumba chembamba chenye makabati ya chuma pande zote mbili, kiasi kwamba ukikaa magoti yanagusa meza. Mshauri mwenyewe ni mama wa makamo, mpole wa sauti, lakini upole ule wa daktari anayekuambia ulale kifudifudi. Kulikuwa na mwenyekiti wa kundi, msichana mwenye miwani mikubwa, amekaa kama anasubiri kuchomwa sindano. Na pembeni, na kalamu na daftari la kuandika kikao, alikuwa Mstari. Suruali aliyovaa niliinyoosha mimi.

Nilianza kabla sijaulizwa. "Mwalimu, binti yangu ametumiwa. Kuna mwanamke nyuma ya jambo hili. Naomba mumtafute huyo, mumwache mtoto. Hata huyu karani anajua habari zake."

Mstari akainamia daftari.

"Tunamtafuta, mama," mshauri akasema. "Ndiyo maana tumewaita. Watu sita wamekuja hapa kwangu, wawili ni walimu, wanasema walitaka kuchangia wakakuta jina wasilolielewa. Nimelijaribu mwenyewe jana. Mwenye namba hii anaitwa..."

Akasoma kwenye karatasi majina matatu.

Niwaambie ukweli, mwanzoni nilitikisa kichwa kama mtu asiyemfahamu. Tangu nijifungue mimi ni Mama Chiriku. Dukani, mtaani, kwa ndugu zangu, hata kwa marehemu mume wangu, sijaitwa vingine. Yale majina matatu mara ya mwisho niliyasikia yakitamkwa siku ya kupigwa picha ya kitambulisho. Ni Chiriku aliyegeuza shingo polepole akaniangalia, macho yake yakiwa yamejaa kitu nisichokijua, kicheko au kilio.

"Mama," akasema. "Ni wewe."

Kalamu ya Mstari ikasimama.

"Ni mimi, mwalimu," nikasema. Nikatoa kitambulisho nikakiweka mezani. "Huyo mwanamke ni mimi."

Nikaeleza. Mtoto alipokuwa sekondari hakuwa na kitambulisho, kwa hiyo laini niliisajili kwa jina langu. Akakua, akapata chake, hakuna aliyekumbuka kubadilisha. Na mimi kila wiki nikimtumia hela ya chakula, jina langu lilitokea kwenye simu, na kila wiki nilidhani simu inanitaja mimi ninayetuma. Mwenyekiti aliposikia hivyo alivua miwani akaifuta bila sababu.

"Mimi nakuamini, mama," mshauri akasema. "Lakini imani yangu haiwekwi kwenye faili. Waliolalamika wanataka kujua hela ziliingia ngapi na zimekwenda wapi. Nataka taarifa ya laini hii kutoka kampuni ya simu, yenye muhuri, na wao hawampi mtu mwingine ila mwenye jina. Iwe hapa kabla ya saa tisa. Kesho nasafiri, na kamati itakaa bila mimi. Wale hawakujui."

Ilikuwa saa sita na nusu.

Ofisi ya kampuni ya simu ilikuwa na watu ishirini na mbili mbele yetu. Niliwahesabu kwa sababu sikuwa na lingine la kufanya. Chiriku alikaa kimya, na mtoto yule akikaa kimya unajua dunia imeharibika. Tulipofika dirishani, saa nane kasoro, kijana wa ofisi akasogeza kimashine cha alama za vidole.

"Weka dole gumba, mama."

Nikaweka. Kikawaka chekundu.

"Futa jasho, weka tena."

Chekundu. Cha shahada, chekundu. Akaniuliza kama kitambulisho ni changu kweli. Nikamwonyesha viganja. Miaka kumi na sita ya pasi, vidole vya mkono wa kulia vimelainika kama sabuni inayokaribia kuisha, hakuna mstari uliobaki. Watu nyuma wakaanza kuguna. Mmoja akasema, "Huyu si ndiye, bwana, tusogee." Niliona mwaka wa mwanangu unapotea kwa sababu ya ncha za vidole vyangu mwenyewe.

"Kushoto ulijaribu?" Chiriku akauliza. "Mama, kushoto hushiki pasi, unanyooshea kitambaa tu. Weka kidole cha mwisho."

Nikaweka kile kidogo cha kushoto. Kimashine kikafikiri, kikafikiri. Kikawaka kijani.

Nilimwambia yule kijana asante mara nne. Akachapa karatasi saba, akagonga muhuri kila moja, akasema, "Mama, kila la heri," na nadhani alikuwa anamaanisha.

Tulifika kwa mshauri saa nane na dakika hamsini, mimi nikihema. Mwenyekiti alikuwa ameleta daftari la kundi na risiti za duka la vipuri vya baiskeli. Mshauri akaanza kulinganisha mstari kwa mstari, kidole kimoja kwenye karatasi, kimoja kwenye daftari. Tairi nne, ipo. Gundi na viraka, ipo. Kitambaa kizito mita sita, ipo. Hela ilitolewa mara tatu tu, na mara zote tatu risiti yake ilikuwepo. Kila alipogeuza ukurasa pumzi yangu iliteremka kidogo.

Alipofika mwisho akakunja uso, na pumzi ikapanda tena.

"Hapa kuna zaidi," akasema. "Kwenye laini kuna hela nyingi kuliko zilizoandikwa kwenye daftari. Hii ya ziada ni ya nani?"

Chiriku alikuwa anaangalia sakafu. "Ni yangu, mwalimu. Ni ya chakula. Mama hunitumia humo humo."

"Na mbona hujaitoa? Hapa kuna wiki tatu nzima."

"Kila wiki ilipokuja, siku hiyohiyo iliingia michango mingi midogo midogo. Zikachanganyika. Sikuwa na hakika ipi ni yangu na ipi ni ya viti. Nikaona nisiiguse mpaka tukae na mwenyekiti tupige hesabu, na kila siku tunasema kesho."

"Umekuwa ukila nini?" nikamuuliza.

"Nakula, mama."

"Nini?"

Mwenyekiti akamjibia. "Anakula kwangu jioni. Mchana anasema ameshiba."

Mshauri alitafuta kwenye karatasi hela nilizotuma mimi wiki hizo tatu, zikalingana na ile ya ziada. Akaziweka karatasi chini, akazipangusa kama zina vumbi. Kisha akamwambia Mstari aandike: hakuna hela iliyopotea, malalamiko yamejibiwa, hakuna jambo la kupelekwa kwenye kamati. Akamwambia arudie kusoma alichoandika. Mstari akasoma. Nilimwomba asome tena, na hakunikatalia.

Sijui wengine furaha huwaingia vipi. Mimi iliniingia kama usingizi, nikataka kulala palepale nimeegemea kabati la chuma.

Mshauri hakutuacha hivihivi. Alisema kundi litaendelea Jumatatu, lakini kwa akaunti yenye jina la kundi, na hela haitoki mpaka wawili watie sahihi pamoja na mwalimu mlezi. Alisema tangazo jipya libandikwe langoni likieleza lile jina lilikuwa la nani, bila kuona haya. Mwenyekiti akauliza kama waandike pia kwamba hakuna aliyekula.

"Andikeni vilivyonunuliwa," mshauri akasema. "Wakiviona viti vinatembea watajua wenyewe."

Nje, Mstari alitufuata mpaka kwenye ngazi. "Mama Chiriku, lile neno la meno..."

"Acha tu, mwanangu. Ila wiki hii suruali utanyoosha mwenyewe."

"Wiki hii tu?"

"Tutaona."

Nikawachukua wale wasichana wawili mpaka hoteli ndogo iliyo karibu na kituo, nikawaagizia chakula kwa ile nauli ya kurudi niliyopewa. Chiriku alikula sahani mbili, na katikati ya ya pili akaanza kuongea, na hakunyamaza tena mpaka tulipoagana. Mimi nilirudi nyumbani kwa miguu. Usiku ule nililala nguo zikiwa mwilini.

Nimeandika habari hii kwa wazazi wenzangu ambao watoto wao wanachangisha, na kwa watoto wenyewe. Sisi tulibahatika, tukapata mshauri mwenye subira, na mkononi mwangu kukabaki kidole kimoja kizima. Usitegemee hivyo vitu viwili. Haya ndiyo ya kuepuka:

Usipokee michango kwenye laini ya mtu binafsi, hata awe mwaminifu kiasi gani, hata namba iwe nzuri kiasi gani.

Usibandike namba ukutani bila kuitumia hela kidogo kwanza kutoka simu nyingine uone ni jina gani linatokea.

Usichanganye hela ya kundi na hela ya chakula.

Usisimame na ndoo peke yako, wala ndoo isiyo na kufuli.

Usitoke nje ya lango bila barua ya chuo yenye muhuri.

Usimwache mtu aliyetaka kuchangia akaghairi bila kumuuliza kwa heshima kilichomfanya aghairi. Yeye ndiye anayejua tatizo kabla yako.

Usiseme hesabu tutafanya kesho.

Usinunue kitu bila risiti, hata kiraka kimoja.

Usiache watu wakatoa bila kuwaonyesha baadaye kilichonunuliwa.

Na wewe mzazi, usisikie uvumi ukakaa nao siku tisa. Nenda ukaulize siku hiyohiyo.